Lenzi Ndefu Chini ya Milima ya Upare

Anayenunua lenzi ndefu kwa mara ya kwanza huwa ameahidiwa ukaribu. Muuzaji humwambia kwamba kitu hicho kitamletea mnyama hadi puani, naye huondoka dukani akiamini kuwa umbali ni tatizo ambalo sasa limepata dawa. Ahadi hiyo ina hila ndani yake. Lenzi ya milimita 400 haimsogezi mnyama hata hatua moja. Inachofanya ni kukata kipande chembamba cha dunia, nyuzi 6 hivi kutoka kona moja ya picha hadi ya pili, na kukitandaza mpaka kikajaa fremu. Vingine vyote vinaachwa nje. Kwa hiyo ufundi wake si wa kukaribia. Ni wa kuchagua, na wa kukubali kubaki mbali. Naongeza dai ambalo wapiga picha wengi wa porini watalikataa: ufundi huu hujifunzwa vizuri zaidi mbele ya mnyama aliyezungushiwa uzio kuliko mbele ya mnyama anayekwenda atakako. Na kwa kulipima dai hilo, sijui mahali panapofaa kuliko nje kidogo ya mji wa Same.

Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi huanzia karibu kabisa na Same, geti la Zange likiwa mwendo mfupi kutoka barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Ilikuwa pori la akiba tangu 1951, ikawa hifadhi ya taifa 2008, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,245 zinazopakana na Tsavo Magharibi ya Kenya. Ndani yake kuna eneo la faru weusi lililozungushiwa uzio wa umeme. Faru wa asili wa Mkomazi walikuwa wamekwisha kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, wamemalizwa na ujangili. Mhifadhi Tony Fitzjohn, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi na mlezi wa simba George Adamson huko Kora, Kenya, alifika Mkomazi 1989, na faru wa kwanza wa kuanzia upya waliletwa kutoka Addo, Afrika Kusini, mwaka 1997. Kilichofuata ndicho kinachonihusu hapa. Mwaka 2009 walishuka faru watatu, Jabu, Jamie na Deborah, kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové katika Jamhuri ya Cheki. Mwaka 2012 wakaja Grumeti, Monduli na Zawadi kutoka Port Lympne, Uingereza. Mwaka 2016 akaja Eliška, naye kutoka Cheki. Wanyama wa bustani, waliozoea baridi ya Ulaya na sauti za watoto wa shule nyuma ya ukuta, ndio hao waliokuja kula miba chini ya Milima ya Upare.

Pingamizi la kwanza, kwamba mnyama wa bustani ni nusu mnyama na picha yake ni nusu picha, linapata shida hapa. Deborah aliyepigwa picha Cheki na Deborah aliyepigwa picha Mkomazi ni faru yuleyule, mdomo wa juu uleule uliochongoka kwa ajili ya kushika vitawi. Tena njia hiyo ya kutoka bustani hadi nyikani ilikwisha kupitwa kinyume. Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyezunguka na kamera katika bonde la Pangani na nyika ya Umasai mwanzoni mwa karne ya 20, alimkamata ndama wa faru na kumpeleka katika bustani ya wanyama ya Berlin. Schillings ana somo jingine kwetu. Lenzi za telefoto zilikuwa mpya wakati ule, zimebuniwa mnamo 1891, naye alizibeba. Lakini sahani za kioo zilikuwa nzito na zenye uvivu wa kunasa mwanga, na mnyama aliye mbali, anayetikisa masikio, alitoka ukungu. Picha zilizompa jina katika kitabu chake cha 1905 ni zile za usiku, za mwanga wa magnesi na uzi uliotegwa njiani. Jina la kitabu hicho linataja bunduki pamoja na mwanga, na wanyama wengi aliowapiga picha aliwapiga na risasi pia. Lenzi ndefu iliyokamilika baadaye ndiyo iliyovunja undugu huo wa kamera na bunduki, ingawa wapiga picha wa Kiingereza bado husema wanakwenda “kupiga shabaha”.

Tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapo ndipo hoja inaposimama au kuanguka. Chukua lenzi ya milimita 400 kwenye kamera yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35, na faru aliyesimama ubavu umbali wa mita 20. Fremu katika umbali huo ina upana wa mita 1.8 tu, na kimo cha mita 1.2. Faru mweusi ana urefu wa mita 3 na zaidi. Haenei. Mwanafunzi aliyekuja na nia ya “kumpata faru” anagundua kwamba faru mzima hapatikani; anaweza kupata kichwa na bega, au jicho na mikunjo inayolizunguka, au sikio lenye mkato. Lazima aamue anataka kusema nini juu ya mnyama huyu kabla kidole hakijashuka. Bado hajamaliza. Tundu la lenzi likiwa kwenye f/5.6, kina cha kinachoonekana wazi katika umbali huo ni kama sentimita 80. Mnyama akisogea mpaka mita 10, kina hicho kinashuka hadi sentimita 20 hivi. Ncha ya pembe ya mbele na jicho haviwezi kuwa wazi pamoja akikutazama uso kwa uso. Kamera za siku hizi hutafuta jicho zenyewe, na ni msaada mkubwa, lakini hazijui kwamba leo habari ni ule mdomo unaovuta tawi.

Milima nayo ina fundisho lake. Wengi husema lenzi ndefu “huivuta” milima ikaja kusimama mgongoni mwa mnyama. Haivuti. Kimo cha kitu machoni petu huamuliwa na mahali tuliposimama. Faru wa kimo cha mita 1.5, akitazamwa kutoka mita 50, huchukua chini ya nyuzi 2. Mlima ulioinuka mita 1,500 juu ya uwanda, kilomita 20 nyuma yake, huchukua zaidi ya nyuzi 4. Mlima umemzidi mara mbili. Sogea mpaka mita 5, na faru sasa ana nyuzi 17, mlima ukiwa kigongo kidogo chini ya tumbo lake. Aliye na simu, akitaka faru aonekane mkubwa, hana budi kusogea, na akisogea anaipoteza Upare. Mwenye lenzi ndefu anabaki mbali, na vyote viwili anavyo. Kwa mpiga picha wa Mkomazi jambo hili lina saa yake: milima iko upande wa magharibi wa hifadhi, kwa hiyo jua la asubuhi humpiga mpiga picha mgongoni na kuimulika miteremko mbele yake, ilimradi ukungu wa kilele cha Shengena uwe umeinuka; jioni jua huzama nyuma ya milima na kubakiza umbo jeusi tu. Mchana katikati usihangaike. Joto la Same huinua mazigazi juu ya ardhi nyekundu, na kadiri hewa iliyo kati yako na mnyama inavyokuwa nyingi ndivyo manyoya na ngozi vinavyoyeyuka kuwa rangi. Lenzi ya bei yoyote haitibu hewa.

Sasa kwa nini uzio? Kwa sababu porini picha ikiharibika, sababu ni nyingi mno. Huenda mkono ulitikisika, au gari halikuzimwa injini, au shata ilikuwa ya polepole kuliko sekunde 1/500, au swala twiga alikuwa ameshageuka, au vumbi la gari la mbele. Mwanafunzi hawezi kujua lipi limemponza, na asiyejua kosa lake hulirudia kwa imani. Mnyama wa bustani ana mazoea: saa yake ya kula, kivuli chake cha mchana, ukuta anaojikunia. Atarudi palepale. Bahati ikiondolewa, kinachobaki ni mkono na uamuzi, na hivyo ndivyo vinavyotafutwa. Ndipo mtu hujifunza kulaza lenzi juu ya kifuko cha maharage dirishani badala ya kuishika hewani, kuachia pumzi kabla ya kubonyeza, kungoja kichwa kiinuke. Ni sawa na mpigaji zumari anayeanza kwa wimbo anaoujua kila mtu: kosa lake husikika mara moja. Kisiwa cha Saanane pale Mwanza kilianza 1964 kama bustani ya wanyama na kikawa hifadhi ya taifa 2013. Katika miaka yake ya bustani, wakazi wa Mwanza walikuwa na shule hiyo mbele ya macho yao.

Watu wa porini hujibu kwamba kinachopotea ni mshangao. Kweli, hupotea. Mbwa mwitu wakitokea ghafla kichakani ni zawadi ambayo hakuna ukuta utakaoitoa. Lakini zawadi hiyo huchukua dakika moja au mbili, na anayetumia dakika hizo kutafuta kitufe ataondoka na vumbi.

Pingamizi zito zaidi ni lile la uongo. Katika bustani, ukiisogeza lenzi karibu na waya, ukafungua tundu lake lote, ukachagua waya ulio kivulini na mnyama aliye mbali nao, waya hutoweka kabisa. (Kwenye uzio wa Mkomazi usijaribu, una umeme, na kijumba cha lenzi nyingi ni chuma.) Mtazamaji ataamini mnyama yuko huru. Na kuna kilichokatwa kikubwa kuliko waya: mwaka 1988 wafugaji, wengi wao Waparakuyo na Wamaasai, waliondolewa Mkomazi pamoja na ng’ombe wao, na wakaipeleka serikali mahakamani. Nyuzi 6 za faru na mlima hazina nafasi yao. Siwezi kuitetea lenzi kwa kusema haifichi. Inaficha, ndiyo kazi yake. Ila kila fremu hukata, hata ya simu. Tofauti ni kwamba mwenye lenzi ndefu hawezi kujifanya hajui anakata, kwa kuwa kila safari amelazimika kuamua. Anayejua alichokiacha anaweza kukiandika chini ya picha, na kwangu ufundi haujakamilika bila maandishi hayo.

Yaandikwe basi: jina la faru kama linajulikana, nchi aliyozaliwa, kwamba yumo ndani ya uzio na kwa nini, na nani waliishi hapo kabla. Picha ya karibu ina faida hapa kuliko ya mbali, maana faru hutambuliwa kwa mikato ya masikio na umbo la pembe, kama mbwa mwitu wanavyotambuliwa kwa mabaka yao. Picha nzuri ya sikio ni kitambulisho. Bei ya lenzi ni kilio cha haki, lakini lenzi ya mitumba ya milimita 300 inayofunguka mpaka f/4 tu inatosha kwa yote niliyoyasema, na mbili au tatu zikimilikiwa na klabu ya shule pale Same zingefanya kazi kuliko kumi zilizolala kwenye masanduku ya watalii. Jambo moja tu lisiandikwe. Simu, na baadhi ya kamera, huficha ndani ya faili la picha mahali ilipopigwa, kwa usahihi wa mita chache, na anayeitafuta pembe anajua kusoma faili hilo. Kabla picha ya faru haijatumwa kwa mtu yeyote, taarifa hiyo ifutwe.