Msimulizi Asiye na Jina: Hattie McDaniel na Nafasi ya Mhusika Msaidizi

Mhusika msaidizi aghalabu huhakikiwa kwa kigezo cha uchache: maneno machache, muda mfupi, makuzi haba. Makala haya yanadai kwamba kigezo hicho hakitoshi kuieleza kazi ya Hattie McDaniel, mwigizaji aliyezaliwa Wichita, Kansas, na wazazi waliowahi kuwa watumwa, na ambaye Hollywood ilimpa nafasi za mjakazi hadi karibu na kifo chake mwaka 1952.

Katika Gone with the Wind (1939) mhusika wake hana jina. Mammy ni cheo cha kazi tu. Hata hivyo, baada ya kifo cha mtoto Bonnie, ni yeye anayepanda ngazi pamoja na Melanie akimsimulia, huku akilia, jinsi Rhett alivyojifungia na maiti na kukataa izikwe. Hadhira haikuyashuhudia hayo. Inayapokea kinywani mwake. Mtumishi anageuka msimulizi wa msiba wa mabwana. Je, yeye mwenyewe alimzaa nani, alimzika nani? Filamu haiulizi.

Katika miaka ya 1940, Walter White wa chama cha NAACP alizishutumu nafasi za aina hii kwa kuwadhalilisha Wamarekani Weusi. Shutuma hiyo ina mashiko kuhusu matini, lakini haimalizi suala la uigizaji. Tulinganishe na In This Our Life (1942). Humo McDaniel ni Minerva Clay, mama mwenye jina na mwenye mwana anayesingiziwa kuua kwa gari. Ushahidi wake kwamba kijana alikuwa nyumbani ndio unaoanza kuufichua ukweli. Sauti ni ile ile ya ngazini, ila sasa inasimulia uchungu wake mwenyewe. Ni dhahiri kwamba ufinyu ulikuwa wa mwandishi wa filamu, si wa mwigizaji.

Tarehe 29 Februari 1940, McDaniel alikuwa mtu Mweusi wa kwanza kutunukiwa Oscar. Usiku huo aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Mhakiki hana budi kuyasoma mambo haya mawili kwa pamoja: tuzo iliutambua ustadi wake, na meza ikaonyesha mipaka ya utambuzi huo.