Fupi, Nene, Kali: .375 Ruger Mkononi kwa Mara ya Kwanza

Nimeishika! Miaka yote nimekuwa nikiisoma tu kwenye majarida ya wawindaji, na leo iko kiganjani mwangu: ganda la .375 Ruger, tupu, limeshapigwa, shaba yake bado inang'aa. Tuko ghorofani Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo inavuma huko chini na mimi wala sisikii. Mwenyeji wangu ni mzee aliyewaongoza wageni wa uwindaji porini kwa miaka mingi, na maganda ni kumbukumbu zake za kazi. Kando ya hilo fupi amelisimamisha lingine, refu, jembamba, limechongoka taratibu kuelekea mdomoni. Hilo kila mwindaji wa nchi hii analijua: .375 H&H.

"Usilitazame tu, mwanangu," ananiambia. "Pima."

Venia nimeinunua Gerezani asubuhi hiyo hiyo kwa kazi hii moja. H&H: urefu milimita 72.4. Ruger: milimita 65.5. Kitakoni yamelingana kabisa, milimita 13.5 kila moja. Lakini panda juu, pima begani, pale ganda linapoanza kubana kushika kichwa cha risasi. La zamani limeshapungua hadi milimita 11.4. Hili jipya bado ni 13.1! Halikuchongoka, limepanda wima kama lilivyoanza, na ndiyo maana ganda fupi linabeba baruti nyingi kidogo kuliko ganda refu. Nimelijua hilo kwa kusoma, lakini kuliona kwenye meno ya venia ni raha nyingine kabisa.

Tusiwavunjie heshima wazee, lakini. Holland & Holland wa London walipoitoa risasi yao mwaka 1912, baruti ya siku zile ilikuwa kodaiti, nyuzi ndefu zilizolazwa ndani ya ganda kama tambi. Kodaiti na joto havipatani: jua likipanda, mgandamizo nao unapanda, ganda linang'ang'ania chemba na bolti inagoma kurudi, mbogo akiwa hatua ishirini. Ganda lililochongoka hulegea upesi na kutoka. Kwa kuwa bega lake limelala sana, haliwezi kutegemewa kuizuia risasi isizame chembani, basi wakaliwekea mkanda kitakoni, duara la shaba lililonyanyuka, likae kwenye ukingo na kusimamisha kila kitu mahali pake. Kwa wakati wake ilikuwa akili kubwa.

Ila kwa anayejaza risasi upya, mkanda ule ndio mzizi wa taabu. Risasi imesimama kwa mkanda, mbele begani kuna nafasi. Ukipiga, shaba inakimbilia mbele kujaza nafasi ile, na inakonda juu kidogo tu ya mkanda. Ukilibana tena ganda hadi mwisho, ukajaza, ukapiga, inakonda zaidi. Mzee ananyoosha kipande cha waya alichokikunja ncha, anakiingiza kwenye ganda moja la H&H lililopigwa mara nyingi, anakivuta polepole ukutani. "Sikia." Nami nasikia! Waya unakwama kwenye mfereji mdogo ambao jicho halioni kabisa kwa nje, isipokuwa mstari mmoja unaong'aa. Ganda hilo likipigwa tena linaweza kukatika, nusu likabaki chembani. Dawa inajulikana: kutolibana mpaka mwisho, bega liguse chemba lenyewe, na mkanda ubaki pambo. Ruger halihitaji ujanja wowote. Halina mkanda. Limesimama kwa bega lake tangu kiwandani.

Hapa kwetu, naongeza, hili si jambo la kufanyia sebuleni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ipo na inahusu leseni. Wanaojaza kwa wingi ni wenzetu wa Afrika Kusini na Marekani. Lakini asiniambie mtu kwamba ufundi huu ni mgeni katika nchi hii! Novemba 1914, kwenye mapigano ya Tanga, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, risasi nene za milimita 11 zenye baruti nyeusi, na kila mlio ulifuatwa na wingu la moshi lililomwonyesha adui ulikojificha. Aprili 1915 meli ya Rubens ikaja na bunduki mpya 1,800 za Mauser 98 na mamilioni ya risasi zisizo na moshi. Manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaifumania kwenye Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, na Rubens ikaishia majini. Shehena ikaopolewa ikiwa imelowa chumvi. Basi risasi zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, fataki zilizoharibika zikabadilishwa, zikafungwa upya. Nikiipita Sanamu ya Askari pale Samora huwa naiwaza mikono iliyofanya kazi ile.

Turudi mezani. Hornady na Ruger waliitoa hii mwaka 2007, na kwa kichwa cha gramu 19.4 wanaahidi kama mita 810 kwa sekunde, wakati H&H ya kawaida huzunguka 770. Na kwa kuwa ni fupi, inaingia kwenye bunduki ya urefu wa kawaida, ile ile ya .30-06, bolti inasafiri njia fupi, bunduki inakuwa nyepesi na bei inashuka. Bega lako litalipia: teke lake ni kali zaidi. Baruti za leo nazo hazipandi mori kwa joto kama kodaiti, kwa hiyo ile sababu ya ganda kuchongoka haipo tena.

Mzee hakubali kirahisi. Ananikumbusha .458 Winchester ya 1956, nayo ilisifiwa kwa ufupi wake, mpaka wawindaji wa Afrika Mashariki wakagundua baruti iliyoshindiliwa mle ndani hugandamana na risasi hutoka goigoi. Ana haki. Ila ile ilikosa nafasi ya ndani, na hii inayo tele, venia imesema.

Hoja yake ya pili ndiyo ngumu. Kwa wanyama hatari kiwango cha chini hapa ni .375, zote mbili zinatosha, lakini sanduku lako likipotea uwanja wa ndege, kambi ya Selous itakuazima H&H, si Ruger. Mgeni wa siku kumi abebe ya zamani. Mimi, kwa bunduki ya kukaa nayo na maganda ya kujazwa tena na tena, nachukua hii fupi bila kusita, na kama kuna mtu Dar mwenye ganda la .416 Ruger, hata moja, venia yangu iko tayari.