Kiingilio cha Mlangoni: Fedha kama Suala la Uhakiki katika Utafiti wa Tamthilia Vyuoni

Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa muda mrefu limepitwa kando na watafiti wa tamthilia katika vyuo vikuu vyetu, nalo ni fedha. Hatukusudii fedha kama maudhui; hizo zimeandikiwa vya kutosha. Tunakusudia fedha zinazotolewa mlangoni, zinazokodi ukumbi, zinazomlipia mwigizaji nauli ya kurudi kwake usiku, na zinazoamua, kabla mwelekezi hajakifungua kitabu, ni watu wangapi watakaopanda jukwaani. Dai letu ni kwamba fedha hizi ni sehemu ya fani ya mchezo, na kwamba mhakiki anayeziacha nje huhakiki kitu ambacho hadhira haikukiona.

Anayezipitia rafu za tasnifu za uzamili katika idara za Kiswahili na za fasihi hapa nchini hatakosa kutambua umbo moja linalojirudia. Tatizo la utafiti huelezwa, yaliyoandikwa hupitiwa, kisha maudhui, wahusika na mtindo hugawiwa kila kimoja sura yake. Mhimili wa nadharia aghalabu huwa ni Umaksi, ufeministi au umuundo. Hatuna ugomvi na umbo hili, kwani limewafunza wengi wetu. Kinachotushangaza ni kwamba hata yule aliyeushika Umaksi, ambaye kwa mujibu wa nadharia yake mwenyewe angetarajiwa kuuliza ni nani anayemiliki nyenzo za uzalishaji, huliuliza swali hilo kwa wahusika walio kitabuni tu. Nyenzo zinazouzalisha mchezo wenyewe, yaani ukumbi, maleba, taa na nguvu kazi ya waigizaji, hazimo katika hesabu yake.

Tuchukue mfano unaofahamika na kila msomaji wa jarida hili. Ngaahika Ndeenda, mchezo wa marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o na marehemu Ngũgĩ wa Mĩriĩ, una mkopo katika kiini chake. Kĩgũũnda, kibarua mwenye ekari moja na nusu, anashawishika kuiweka rehani hati yake ya shamba ili apate fedha za kufunga ndoa ya kanisani. Deni linamshinda na shamba linapigwa mnada. Juu ya mkopo huu pamerundikana uhakiki mwingi, na ni haki. Lakini mchezo huohuo ulifunguliwa kwa hadhira iliyolipa kiingilio, Jumapili tarehe 2 Oktoba 1977, katika ukumbi wa wazi uliojengwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ wenyewe, wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Tarehe 16 Novemba mwaka huo kibali kikafutwa. Ni mhakiki gani aliyejiuliza kiingilio hicho kilikuwa na maana gani kwa mtu aliyeingia? Aliyelipa pale mlangoni huenda ndiye aliyechimba mashimo ya nguzo. Malipo yake hayakuwa bei kwa maana ya dukani. Yalikaribia zaidi mchango wa harambee, na mtu hautazami mchezo alioutolea mchango kwa jicho analoutazama mchezo alioununua. Kule kuimba pamoja na waigizaji, ambako wahakiki wamekuita athari ya fasihi simulizi, kulikuwa pia haki ya mwenye mali. Ukiliondoa suala la umiliki, unabaki na hadhira inayoimba kwa sababu eti Waafrika hupenda kuimba, maelezo ambayo tungeyakataa yangetolewa na mgeni.

Yaliyotokea mwaka 1982 yanaliongezea suala hili uzito. Kikundi cha Kamĩrĩĩthũ kilipofungiwa milango ya Ukumbi wa Taifa na mchezo wa Maitu Njugira, watu walimiminika kwenye mazoezi yaliyofanyika katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Kibali cha onyesho hakikupatikana, basi likabaki zoezi, na zoezi halina tikiti. Mpaka kati ya zoezi na onyesho, ambao wananadharia wa maigizo wameuandikia kurasa nyingi, hapa ulichorwa na sheria ya leseni na kukosekana kwa kiingilio. Baada ya muda si mrefu mazoezi nayo yalikomeshwa na ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ ukabomolewa.

Huenda ikasemwa kwamba upuuzaji huu wa fedha una historia ya heshima. Chuo Kikuu cha Makerere kilipoanzisha ukumbi wake wa kusafiri mwaka 1965, na Nairobi kikafuata mkondo huo katika miaka ya 1970, neno "bure" liliwekwa ndani ya jina lenyewe. Wanafunzi walizunguka mijini na vijijini wakiigiza bila kumtoza mtu senti. Lilikuwa jambo jema, na walioshiriki walijifunza mengi ambayo darasa lisingewafunza. Hata hivyo liliacha mazoea mabaya nyuma yake. Mchezo wa bure umelipiwa na mtu, na kwa kuwa aliyelipa alikuwa chuo, chuo hakikuona haja ya kuuliza. Tukazoea kuona kwamba maigizo ya kweli hayana mwenye kuyalipia, na kwamba yale yanayotoza kiingilio yamekwisha kujishusha hadhi.

Wahakiki wa tamthilia ya Kiingereza hawakuwa na aibu hii. Mengi wanayoyajua kuhusu jukwaa la London katika zama za Shakespeare wanayajua kwa sababu Philip Henslowe, mwenye ukumbi wa Rose na mtu aliyejua kukopesha, alikuwa na daftari. Ndani yake aliandika mapato ya siku, gharama za maleba, na fedha alizowatangulizia waandishi kwa michezo ambayo hawajaimaliza. Daftari hilo halikuandikwa kwa ajili ya fasihi, lakini leo hakuna anayelihakiki jukwaa lile bila kulitazama. Shakespeare mwenyewe alikuwa mwenye hisa katika ukumbi wa Globe. Karibu nasi zaidi, Biodun Jeyifo na Karin Barber walivitafiti vikundi vya Kiyoruba vya kusafiri wakaonyesha namna haja ya kujaza ukumbi usiku hata usiku ilivyoifinyanga michezo yenyewe. Barber alisafiri na kikundi cha Oyin Adejobi na kuigiza nacho. Ni utafiti ambao katika baadhi ya idara zetu ungerudishwa kwa mwanafunzi ukiwa na maneno mekundu pembeni: peleka Biashara.

Tanzania nayo inatupa funzo ambalo wanafunzi wa Kiswahili wa Kenya hawana udhuru wa kutolijua, maana lugha ni yetu sote. Dar es Salaam ya miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa na vikundi kama Muungano na, kuanzia 1992, Tanzania One Theatre, vilivyoigiza katika kumbi za baa. Usiku mmoja ulikusanya ngoma, sarakasi, kichekesho, kwaya na igizo refu, na baadaye taarabu ikaingia kwa kishindo. Siri Lange na Laura Edmondson wameviandikia vikundi hivi kwa kina. Kwa jicho la idara ya fasihi usiku kama huo ni vurugu: hauna umoja wa tendo, na mara nyingi hauna hata mswada. Kwa jicho la mwenye kikundi una mantiki kamili. Mteja aliyekuja kwa ajili ya taarabu hataondoka mpaka taarabu ipigwe, basi taarabu haipigwi mapema. Igizo linakaa pale ambapo ukumbi umeshajaa na watu hawajalewa mno kulifuata. Hiyo ni kanuni ya msuko. Aristotle hakuiandika, lakini ina nguvu ya sheria, na mhakiki asiyeijua atamlaumu msanii kwa urefu wa kichekesho ambacho urefu wake umewekwa na foleni ya mlangoni.

Turudi nyumbani, kwenye aina ya maigizo ambayo tunadiriki kusema ndiyo iliyotazamwa na vijana wengi zaidi nchini, nayo haina hata historia iliyoandikwa. Tunazungumzia vikundi vinavyoigiza vitabu teule vya shule za upili. Shule hutoza kiasi fulani kwa kila mwanafunzi, kikundi hufika asubuhi na sanduku la maleba, bwalo la chakula hugeuzwa ukumbi, na alasiri kikundi kiko shule nyingine. Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea ya mwaka 2015, iliigizwa hivyo katika miaka ilipokuwa ikitahiniwa, 2018 hadi 2022, kisha Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ikashika zamu. Mwenye kikundi anajua kwamba faida yake ni tofauti kati ya ada za shule na gharama za gari, chakula na posho. Gari haliwezi kupunguzwa. Waigizaji wanaweza.

Basi si ajabu kuona katika maonyesho haya mwigizaji mmoja akibebeshwa wahusika watatu. Hapa ndipo uhakiki ungepaswa kuanza, na ndipo unapokoma. Katika Kigogo wachongaji watatu wanakaa katika karakana ya soko la Chapakazi. Boza na Kombe wanakubali kuchonga vinyago kwa ajili ya sherehe za utawala wa Majoka, huku Sudi akikataa kumchonga shujaa anayeagizwa hata anapoahidiwa malipo. Mwigizaji wa Kombe akitoka upande mmoja wa jukwaa na kurejea baadaye akiwa mtu wa serikali, hadhira ya kidato cha tatu imeshaona kwa macho yake kwamba mwili uleule unaweza kumtumikia anayelipa. Maana hiyo haimo katika kitabu. Imeletwa na orodha ya posho. Kuna mwelekezi atakayeiona na kuitumia, na kuna mwingine atakayeificha kwa kofia na masharubu ya bandia, na tofauti kati yao ni tofauti ya kisanaa inayostahili sura nzima ya tasnifu.

Kuna pia suala la Sudi mwenyewe. Wanafunzi wetu wameandika, na wataendelea kuandika, kwamba Sudi ni kielelezo cha msanii asiyenunulika. Anayemwigiza, hata hivyo, yuko pale kwa sababu shule imelipa, na shule imelipa kwa sababu mtihani unakuja. Mara nyingi mchezo husimamishwa, au hufuatiwa na maelezo, ili wanafunzi wakumbushwe dondoo zinazoelekea kuulizwa. Msanii asiyenunulika anakatizwa ili mnunuzi apate thamani ya fedha zake. Hatusemi haya kwa kebehi, maana vikundi hivi vimewalisha vijana wengi wenye vipaji ambao hakuna ukumbi mwingine uliowafungulia mlango. Tunasema kwamba mgongano huu ni mkali kuliko wowote uliomo kurasani, nasi tumeuacha ukapita mbele yetu kila muhula.

Maigizo ya ujumbe, yaani yale yanayofadhiliwa ili kuhamasisha umma kuhusu UKIMWI, upigaji kura au usafi wa maji, yametafitiwa zaidi, na hatutayarefushia maneno. Itoshe kusema kwamba huko anayelipa haketi katika hadhira. Anasoma ripoti. Mchezo hulazimika kuwa na tendo linaloweza kuripotiwa, na ule mwisho ambamo mkaidi hutubu mbele ya kijiji kizima una chanzo chake humo.

Haifai kudhani kwamba pengo hili limezibwa na wenzetu wa vitivo vya biashara. Baadhi ya wanafunzi wao wamegeukia sanaa za maonyesho, na juhudi yao tunaipongeza, lakini hojaji inayomtaka mtazamaji aonyeshe kwa mizani ya moja hadi tano ameridhika kiasi gani haiwezi kutofautisha kicheko cha furaha na kicheko cha aibu. Katika kazi za namna hiyo mchezo huitwa bidhaa tangu ukurasa wa kwanza, na hakuna anayeuliza bidhaa hiyo ilisema nini. Mtafiti wa fasihi ana sikio ambalo mwenzake hana. Kinachomkosa ni ujasiri wa kuomba kuona daftari.

Tunakiri kuwa kuliomba si rahisi. Kibali cha NACOSTI hakimfungulii mtu kabati la mwenye kikundi anayehofia mtoza kodi na mshindani kwa kiwango kimoja. Hesabu nyingine zimo katika simu, nyingine zimo kichwani mwa mtu. Mtafiti atahitaji kukaa na kikundi muhula mzima, kubeba sanduku la maleba, kuhesabu wanafunzi bwaloni na kuandika ni tukio gani lililofupishwa siku ambayo gari lilichelewa. Atahitaji msimamizi ambaye hatamuuliza kila wiki nadharia yake ni ipi.

Kuna wanaopinga kwamba tukianza kuhesabu shilingi tutaisahau sanaa. Hoja hii tungeiheshimu iwapo swali letu lingekuwa ni shilingi ngapi zilizopatikana. Swali letu ni shilingi hizo zilikifanya nini kitendo cha tatu, na hilo hujibiwa kwa mbinu zilezile za uchambuzi wa matini tulizozizoea, ila matini zimeongezeka: tikiti, bango, risiti ya ukumbi, orodha ya posho.

Matini hizi hazina muda mrefu. Mtihani wa KCSE wa mwisho umepangiwa mwaka 2027, na soko ambalo vikundi vya vitabu teule vimelitegemea litabadilika sura pamoja na mfumo uliolizaa. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada mwaka huu anaweza bado kumpata mwelekezi aliyeigiza Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia mashuleni, akamuuliza aliwapanga watu wangapi, ni tukio lipi alilolikata, na mwalimu mkuu alimlipa kabla ya onyesho au baada yake.