Nuru ya Karabai na Sura za Watu wa Ziwa

Mtu anayejifunza kuchora sura ya binadamu kwa kompyuta hufundishwa kanuni moja mapema mno, kabla hata mkono haujaizoea kalamu ya umeme: nuru kuu yenye rangi ya moto itoke juu, upande wa kushoto, kivuli kiegemee buluu, na mgongoni upite uzi mwembamba wa mwanga wa kumtenga mhusika na mandhari yake. Kanuni hiyo ina sifa zake. Humpa mwanagenzi pua inayosimama na shavu linaloviringika. Lakini ni kanuni ya chumbani, iliyozaliwa katika karakana za Ulaya zenye dirisha moja refu, kisha ikalelewa katika studio za filamu za Marekani. Inapopelekwa Mwanza na kubandikwa juu ya mvuvi wa dagaa aliye katikati ya Ziwa Viktoria saa nane za usiku, huzaa picha nzuri isiyo ya kweli, mfano wa shairi lililotimiza vina na mizani ilhali mtungaji hajui alisemalo.

Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa karabai ni nini. Unguja na Pemba, kama Mwanza na Ukerewe, dagaa huvuliwa kwa taa. Ziwani, aghalabu taa huwekwa juu ya vyelezo vidogo vya mbao vinavyoelea, zikaachwa ziwavute dagaa, kisha wavu ukafuata. Kazi hiyo ni ya giza la mwezi. Mbalamwezi inapotanda, taa hupungukiwa na nguvu ya kuwakusanya samaki, na wavuvi hukaa pwani wakishona nyavu. Hata hivyo mchoraji wa usiku wa ziwa huona vigumu kuuacha mwezi mpevu, mkubwa kama sinia, usimame nyuma ya mtumbwi. Humfaa kwa kumpa ule uzi wa mwanga mgongoni. Lau mvuvi angeonyeshwa picha hiyo, swali lake la kwanza lingekuwa: huyu ametoka kwenda kufanya nini?

Ukiondolewa mwezi, hubaki nuru itokayo chini, tena karibu. Hapo ndipo penye utamu wa jambo hili. Nuru ya taa moja hupungua kwa mraba wa umbali: mkono ulio nusu mita kutoka kwenye karabai hupata nuru mara 4 ya uso ulio mita moja. Kwa hiyo mikono ya mvuvi ndiyo inayong'ara, uso hufuata, na mabega huishia gizani. Chini ya kidevu pana mwanga. Juu ya nyusi pana giza. Wavu ukiinuliwa na dagaa ndani yake, fedha yao huirudisha nuru na kuimwaga upya usoni, ikitetemeka. Taa za umeme wa jua, ambazo zimeanza kuchukua nafasi ya karabai, huleta weupe mkali zaidi, unaokaribia ubuluu, na uso uleule huonekana mwingine. Haya yote yamo mikononi mwa mchoraji wa kompyuta, ambaye anaweza kuiweka kila nuru katika tabaka lake, akaikuza au akaizima apendavyo.

Kinachomzuia si zana bali mazoea ya jicho. Tangu filamu za kutisha za Hollywood za miaka ya 1930, nuru itokayo chini imekuwa alama ya mzuka na muuaji. Mchoraji aliyelelewa na filamu hizo hawezi kumwangazia mtu kutoka chini bila kumfanya shetani. Ama atamhofia mvuvi wake, ama ataipandisha taa juu, mahali isipokaa. Lakini mazoea hayo si sheria. Mfaransa Georges de La Tour, katika miaka ya 1640, alimchora Mtakatifu Yosefu akiwa ameinamia kazi yake ya useremala, na mtoto amemshikia mshumaa. Nuru iko chini ya kichwa cha mzee na inalipanda paji lake, nayo nyama ya vidole vya mtoto inapenywa na mwanga hadi kuwa nyekundu. Hakuna mzuka hapo. Pana mzee anayefanya kazi na mtoto anayemsaidia. Nahodha wa mtumbwi wa dagaa ni jamaa wa karibu wa seremala huyo kuliko wa majini ya sinema.

Huko Kanda ya Ziwa, tofauti hiyo si ya anasa. Katika Usukuma, tangu miaka ya 1970 hadi karne hii, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yamehesabiwa kuwa ushahidi dhidi yao. Wekundu huo umeelezwa mara nyingi kuwa hutokana na moshi wa kuni na wa samadi, uliovumiliwa jikoni kwa miaka mingi. Sasa mtazamo huohuo una zana yake katika programu za uchoraji: tabaka la kung'arisha, linaloweza kuyawasha macho ya bibi kizee kwa mguso mmoja, na nuru ya chini inayochimba mashimo mashavuni mwake. Mchoraji atasema anachora hadithi tu. Hata hivyo bibi aliyeketi mbele ya mafiga huangazwa kutoka chini kila jioni, na macho yake huuma kweli. Anayeijua jiko atayachora yakiwa yamejaa maji, yenye kope zilizovimba, na mmemeto mdogo wa moto juu ya mboni: jicho linalopokea nuru, silo linalotoa. Ndivyo pia kwa watu wenye ualbino, ambao katika kanda hiyohiyo wamewindwa na kukatwa viungo. Ngozi yao huunguzwa na jua. Haina mwanga wake yenyewe. Kuwachora waking'aa gizani kama mizimu ni kuurudia uongo uleule uliowaua.

Liko pia suala la weusi wenyewe. Kampuni ya Kodak kwa miongo mingi ilisawazisha rangi za picha kwa kadi zenye sura ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi ikazama. Mwaka 2020 Theodore Kim wa Chuo Kikuu cha Yale aliandika katika Scientific American kuwa hata hesabu za kompyuta za kuigiza ngozi zilishughulikia mno ule upenyaji wa nuru unaoonekana katika ngozi changa ya Kizungu, ilhali katika ngozi nyeusi mng'ao wa juu ndio wenye uzito. Hoja hiyo hujithibitisha kwa hesabu ndogo. Mchoraji hupenda kutia kivuli kwa tabaka la kuzidisha. Ngozi yenye mwangaza wa 80 katika 100, ikizidishwa na kivuli cha 30, hushuka hadi 24 na bado pua yaonekana. Ngozi ya 30 hushuka hadi 9, uso umekwisha. Hapo mchoraji hufanya kosa la pili: huipausha ngozi ili aiokoe. Angetazama ngozi ya mvuvi iliyoloa, angeona kuwa mng'ao wa juu ya ngozi hautegemei weusi wake. Giza la shavu hubeba buluu ya anga, kijivu cha maji, fedha ya dagaa. Na umbo hurudi bila kumbadili mtu rangi.

Kiswahili chenyewe kina maneno mawili yanayoweza kumfaa mchoraji, ingawa watu huyachanganya. Mtu hukaa uvulini mwa mwembe, lakini hufuatwa na kivuli chake. Yafaa uvuli uwe jina la upande wa mwili usiofikiwa na nuru, na kivuli liwe la giza ambalo mwili huutupia mwili mwingine. Uvuli una kingo laini na ndani yake mna rangi. Kivuli cha karibu hukata kama kisu. Picha nyingi huharibika kwa kuvitia vyote viwili kwa brashi moja.

Upo utetezi mwingine, wa kuikataa nuru kabisa. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi za mafuta zinazong'aa bila uvuli wowote usoni mwa viumbe wake, na mfululizo wa katuni za Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa kuanzia mwaka 2010, uliuhamishia mtindo huo kwenye kompyuta pasipo kuutia vivuli vya kuazima. Usukumani kwenyewe, michoro ya ukutani ya Bayeye, waganga wa nyoka, ambayo Hans Cory aliitolea kitabu mwaka 1953, ilisimamisha watu na nyoka kwa umbo tupu. Utetezi huo una nguvu, lakini hauwafai wahusika wote. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, katika riwaya ya Mkerewe Aniceti Kitereza iliyokamilishwa mwaka 1945 na kutolewa kwa Kiswahili mwaka 1980, ni watu wa ndani ya nyumba: mke, mume, na uzito wa kukosa mtoto. Atakayejaribu kuwachora aanze na msonge wa nyasi wenye mlango mmoja. Mchana nuru huingia hapo chini, ikagonga udongo wa sakafu na kuupanda uso wa mwanamke aliyeketi, ikiwa imechukua wekundu wa ardhi ya Ukerewe. Nao mume aliyesimama karibu naye hubaki na miguu yenye mwanga na uso uliomo uvulini.