Safu ya Makosa: Sentensi za Mfano za Kiingereza na Sarufi ya Kiswahili Mtaani Donholm

Aliyepitia shule za Afrika Mashariki anaufahamu mpangilio huu: sentensi iliyokosewa, kisha kando yake sentensi iliyo sahihi. Kitabu cha T. J. Fitikides, Common Mistakes in English, kilichotoka mwaka 1936, kilijengwa juu ya mpango huo. First Aid in English cha Angus Maciver, cha mwaka 1938, kilitoka Glasgow, Uskoti, nacho kikaja kutumiwa sana nchini Kenya. Mwanafunzi hutakiwa kuikariri sentensi ya pili na kuisahau ya kwanza. Lisiloulizwa ni kanuni iliyoijenga hiyo ya kwanza. Makala haya yanadai kuwa, kwa msemaji wa Kiswahili, safu ya makosa mara nyingi ni ukurasa wa sarufi ya Kiswahili ulioandikwa kwa maneno ya Kiingereza.

Mifano inayochunguzwa hapa ni ya aina isikikayo kila siku Donholm, mtaa wa mashariki ya Nairobi uliojengwa katika ardhi iliyokuwa shamba la walowezi. Humo Kiswahili na Kiingereza hukaa nyumba moja, pamoja na Sheng na lugha za mama zisizo chache.

Mgeni mezani husema, "Add me tea." Mwalimu huikata sentensi hiyo kwa wino mwekundu. Lakini nyuma yake imo "Niongezee chai", yenye kauli ya kutendea: kiambishi -e- kimempa kitenzi nafasi ya mtendewa, na mtendewa huyo akishapatikana hutangulia kitu. Mtoto ameihamisha kanuni hiyo barabara. Kiingereza ndicho kigeugeu hapa, kwani hukubali "pour me tea" na "bring me tea", kisha kikakataa "add me tea" bila ya kutoa sababu ambayo mwanafunzi angeweza kuibashiri. Inafaa kukumbuka kuwa baadhi ya vitabu vya sarufi ya Kiswahili vilivyoandikwa kwa Kiingereza viliiita kauli hii kwa jina la vihusishi, kwa kuwa tafsiri yake ya Kiingereza aghalabu huhitaji kihusishi. Kwa hiyo lugha moja ilisomwa kwa miwani ya nyingine zamani sana, na hakuna aliyeliita jambo hilo kosa.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Mama hupiga simu kutoka kazini kuuliza habari za mtoto, naye yaya hujibu, "The baby has slept." Kwa Kiswahili, "Mtoto amelala" huonyesha hali iliyopo: macho yamefumbwa hivi sasa. Ndivyo ilivyo kwa amesimama, amevaa, amechoka. Kiambishi -me- hutaja tendo lililokamilika na hali iliyobaki baada yake, na katika vitenzi vya aina hii hali ndiyo inayotangulia kueleweka. Msikilizaji aliyelelewa kwa Kiingereza huweza kuelewa kinyume chake, yaani mtoto amekwisha kupata usingizi wake na pengine yuko macho. Vitabu vingi vya shule hufundisha kuwa -me- ni sawa na "has", basi. Mlinganisho huo ndio mzazi wa kosa, na aliyeufundisha ndiye anayelisahihisha.

Kubwa kuliko yote ni jibu la swali la kukanusha. Keateka humwuliza mpangaji, "You have not paid the rent?" Mpangaji hujibu, "Yes." Katika Kiswahili, "Hujalipa kodi?" hujibiwa "Ndiyo, sijalipa", kwa kuwa ndiyo huthibitisha kauli ya muulizaji. Katika Kiingereza neno la jibu hufuata sentensi ya mjibuji mwenyewe. Sentensi ikiwa ya kukanusha, jibu huwa "no". (Wako wajibuo "bado", neno liondoalo utata wote.) Wawili hao wa Donholm huelewana, maana wote hutumia kanuni moja. Mpangaji huyohuyo akiulizwa na daktari au na hakimu asiyeijua kanuni hiyo, jibu lake litaandikwa kinyume, naye ataonekana mwongo au mpumbavu.

Ni kweli kwamba si haki kuyadai yote haya kuwa ya Kiswahili. Gikuyu na Kikamba nazo zina kauli ya kutendea, na mtoto huweza kuwa ameipata huko kwanza. Tena liko neno linalowafedhehesha wachunguzi wa athari za lugha mama: "I stay in Donholm." Husemwa kuwa limetokana na kukaa, ambako ni kuketi na kuishi pia, na maelezo hayo yanaridhisha mpaka msomaji afike Uskoti, kulikochapishwa kitabu cha Maciver. Huko wenyeji husema vivyo hivyo, "stay" kwa maana ya kuishi. Sentensi ileile ni lahaja Glasgow na ni kosa Nairobi.

Kwa sababu hiyo makosa ya safu hiyo hayapaswi kupimwa kwa mizani moja. "Add me" na "stay" havimpotezi msikilizaji. "Has slept" na "yes" vinampoteza, na hivyo ndivyo vinavyostahili saa ya somo. Tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima la mtihani chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, walimu wa lugha hizi mbili wamekuwa wakifundisha darasa lilelile kwa zamu. Wa Kiswahili huandika piga, pigia, pigiwa ubaoni, kengele inalia, anafuta; wa Kiingereza anaingia na kukata "add me". Safu ya tatu, yenye "Niongezee chai", ingeweza kuandikwa na yeyote kati yao kabla ubao haujafutwa.