Historia ya Mahali Haina Mpaka wa Wilaya

Mtaala ni ahadi ambayo taifa huwawekea watoto wake, kwamba haya ndiyo mambo tuliyoyaona yanafaa wayajue kabla hawajawa watu wazima. Kwa hiyo, mtaala unapobadilishwa, haifai walimu wakae kimya wakingojea vitabu tu. Ni wajibu wao kuupima. Katika makala haya tunapenda kuitazama mitaala ya Uganda kwa upande mmoja, nao ni historia ya mahali anapoishi mwanafunzi, kisha tuonyeshe jinsi jambo hilo linavyotugusa sisi tufundishao Kiswahili.

Muhtasari wa Maarifa ya Jamii katika shule za msingi umepangwa kwa daraja. Katika darasa la tatu mtoto hujifunza habari za gombolola yake, la nne wilaya yake, la tano Uganda, la sita Afrika Mashariki, na la saba bara zima. Mpango huu una busara, kwa kuwa mtoto huanza na kilicho karibu naye. Kasoro yake ni kwamba ukaribu wenyewe umepimwa kwa mipaka ya utawala. Mwaka 1986 Uganda ilikuwa na wilaya 33. Leo zimepita 130. Iganga peke yake imemegwa ikazaa Bugiri (1997), Mayuge (2000), Namutumba (2006), Luuka (2010) na Bugweri (2018). Mtoto wa Bugweri basi anafundishwa wilaya iliyo changa kuliko mwalimu wake, ilhali kijiji chake kina habari za karne nyingi.

Tuchukue mfano mmoja. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwaua watu laki mbili na zaidi kandokando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Kuanzia mwaka 1906 Gavana Hesketh Bell aliamuru wakazi wa ufukoni wahamishwe, na sehemu kubwa ya Busoga ya kusini ikageuka pori. Nchi iliyopatwa na msiba huo leo imo katika wilaya za Jinja, Mayuge, Bugiri na Namayingo. Ukiigawa habari hii kwa wilaya, hakuna itakayoidai yote, na kila mwandishi wa kitabu ataweza kumwachia mwenzake. Kitakachobaki ni majina ya viongozi, hesabu ya gombolola na orodha ya mazao. Mtoto atakariri hayo yote, wala hatajua kwa nini ukoo wake ulihama, au kwa nini kijiji kilichokuwa na watu wengi kilikuja kuwa msitu.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020 kwa kidato cha kwanza, umepiga hatua ya kusifiwa. Somo la Historia na Elimu ya Siasa ni la lazima, mwanafunzi hutakiwa kufanya kazi ya mradi, na asilimia 20 ya alama hutokana na kazi za shuleni. Hapa mlango wa historia ya mahali umefunguliwa. Lakini ruhusa peke yake haitoshi. Mwalimu mwenye darasa kubwa, asiye na ramani za zamani wala masimulizi ya wazee yaliyoandikwa, atarudi palepale kwenye kitabu.

Mtaala huohuo uliweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika vidato viwili vya kwanza. Kila mwalimu wa Kiswahili nchini humo amepata kusikia neno hili: hiyo ni lugha ya askari. Neno hilo lina ukweli ndani yake. Kiswahili kilitumika katika jeshi la kikoloni, na amri ya Idi Amin ya mwaka 1973 ilikitangaza kuwa lugha ya taifa wakati ambao wananchi wengi walikisikia kutoka vinywani mwa watu wenye bunduki. Hatusemi maumivu hayo yafichwe. Wazee wayasimulie, na wanafunzi wayaandike. Lakini hiyo ni nusu ya habari. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Kabaka Suuna mwaka 1844, miaka 18 kabla ya Speke kufika Buganda. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Gavana William Gowers alipotaka Kiswahili kipewe nafasi shuleni na katika utawala, Kabaka Daudi Chwa alipinga. Mwanafunzi aliyeyajua yote hayo ataweza kuijadili lugha kwa haki, hata kama mwishowe haipendi.

Maoni yetu ni haya. Kwanza, historia ya mahali ipangwe kwa matukio na makazi ya watu, na wilaya jirani ziandike pamoja yale yaliyozipata pamoja. Pili, mwalimu wa historia na mwalimu wa Kiswahili washirikiane katika kazi ya mradi: mwanafunzi amhoji mzee kwa lugha ya nyumbani, kisha aandike masimulizi hayo kwa Kiswahili. Tatu, maandishi hayo yatunzwe shuleni, ili wanafunzi wa mwaka unaofuata wawe na pa kuanzia.

Kazi hii haingoji waraka wa wizara. Wazee ndio vitabu vyenyewe, na kila mwaka baadhi yao tunawazika.