Alberto Burri alivyochoma plastiki

Wachoraji wengi wanaotaka kazi yao ionekane ya moto huanza na rangi. Njano chini, chungwa juu yake, nyekundu na nyeusi pembeni, kisha mchanga au gundi nzito ili mkono ukipita uhisi mikwaruzo. Alberto Burri, Mtaliano wa Città di Castello, hakuchora hata mwali mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alichukua kichomeo cha gesi, akakielekeza kwenye karatasi ya plastiki, na plastiki yenyewe ikafanya mikunjo.

Siri imo kiwandani. Plastiki nyembamba huvutwa ingali moto, ikapoa ikiwa imenyooka kwa nguvu. Nguvu ile haipotei, imefungiwa ndani. Ukiipasha tena, molekuli zake ndefu hulegea na kujirudi, karatasi ikasinyaa. Polithini laini huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi za Selsiasi, mapema sana kabla ya kushika moto, na Burri alifanya kazi katika nafasi hiyo iliyo kati ya kulainika na kuwaka. Mwali ukipita mbali na kwa haraka, unaacha makunyanzi. Ukikawia kidogo, karatasi inakonda mahali pamoja na kutoboka. Hapo mvuto wa pande zote unalipanua tundu, na plastiki inayorudi nyuma inajikusanya ukingoni, ikapoa kama pindo nene. Ukikawia zaidi, unapata masizi, matone na uharibifu. Pindo zile zinazosifiwa sana hakuzichonga mtu. Alichotawala Burri ni umbali, mwendo, na wakati wa kuuondoa moto.

Picha na filamu zinazomwonyesha kazini zina jambo dogo ambalo wanaomwiga hulipuuza: plastiki imetundikwa wima. Ingelazwa juu ya ubao, ubao ungenyonya joto na plastiki ingeugandia, isiweze kusinyaa kwa uhuru. Ikining'inia, hewa iko pande zote mbili na uzito wake wenyewe unaivuta chini. Kazi yake Grande Bianco Plastica ya 1964, yenye ukubwa wa karibu mita 2 kwa 3, ni polithini angavu kwenye fremu ya alumini. Haina rangi ya kuficha kosa.

Zile nyekundu, za mfululizo wa Rosso Plastica, zinadanganya jicho. Wekundu wake haukutoka kwenye moto, ulitoka kiwandani pamoja na karatasi ya PVC. Moto ulileta weusi wa masizi peke yake. Burri alipanga tabaka: nyekundu mbele, nyeusi nyuma, na tundu likifunguka jicho linazama gizani. Mpangilio huo ni uchoraji wa kawaida kabisa, na kwangu ndio unaozitenga kazi hizi na jalala lililoungua.

Karatasi za kawaida na mbao, alizozichoma katikati ya miaka ya 1950, hazisinyai kama plastiki. Zinaliwa. Zinabaki kingo za kahawia na majivu, kisha gundi ya vinili inashikilia kilichosalia. Mabati ya mfululizo wake wa Ferri, kuanzia 1958, yalikatwa na kuungwa kwa moto wa kuchomelea; chuma hakikubali kubadilika ila pale palipoguswa, na naona kazi hizo ni nzito bila kuwa na uhai wa plastiki.

Burri alikuwa daktari wa jeshi, akatekwa Tunisia mwaka 1943, akaanza kuchora katika kambi ya wafungwa huko Hereford, Texas. Kwa sababu hiyo kila tundu limeitwa jeraha na kila pindo kovu. Yeye mwenyewe aliukataa usomaji huo. Nami nauona wa kivivu, kwani unamruhusu mtazamaji kumaliza kazi bila kuangalia jinsi karatasi ilivyovutika.

Anayetaka kujaribu asiguse PVC: ikiungua hutoa haidrojeni kloridi, gesi inayochoma macho na mapafu. Polithini safi, iliyotundikwa nje penye upepo na kupashwa kwa kile kifaa cha kupuliza hewa moto wanachotumia mafundi simu kubandua vipuri, itatoa makunyanzi na matundu yenye pindo. Masizi haitatoa.